Dozi ya Kwanza

Alama zilirudi siku ya 13. Nilikuwa nimefika nyumbani Nyamira kwa ajili ya Krismasi, nimelala esaiga, ile nyumba ndogo ya vijana wa kiume ambayo maboma mengi ya Kisii bado yanayo, nikaamka alfajiri najikuna kama mtu aliyelala kwenye upupu. Nikawasha tochi ya simu. Mistari minne myekundu, imevimba, imejipinda kutoka juu ya kifundo cha mguu hadi karibu na goti. Ungeiona ungeapa kuna mtu aliingia usiku akanicharaza na waya wa stima.

Mama alipoleta chai aliuona mguu kabla sijaufunika. Akaweka kikombe chini polepole. Hakuniuliza nimeumwa na nini. Aliniuliza, "Jana ulipitia kwa nani?"

Nini, nani. Tofauti ni herufi moja tu, na nimekaa na hiyo herufi karibu mwaka mzima sasa.

Jana yake nilikuwa nimepitia kwa magokoro mmoja anayeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Magokoro ni bibi kwa Ekegusii, na si lazima awe bibi yako wa damu. Aliniita nikiwa njiani, akanipa avokado tatu, akanigonga mguu kwa fimbo yake kwa utani, ati nimekonda, kwani Nairobi hawapiki? Mguu wa kulia. Huo huo. Nilimwambia mama ukweli kwa sababu sikuona cha kuficha. Kufikia saa nne asubuhi baba mdogo alikuwa ameitwa. Kufikia jioni binamu zangu wawili walikuwa wameketi jikoni, na hawakuwa wanacheka.

Kama hujakulia kwetu unaweza kufikiri natia chumvi. Mei 2008, Kisii, watu 11 walichomwa hadi kufa kwa madai kwamba ni wachawi, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa madai hayo hayo. Marani si ng'ambo ya dunia, ni mahali ninaweza kwenda na kurudi kabla ya giza. Habari hiyo niliisoma kwenye simu nikiwa Nairobi, nikaweka ule uso wa kulia kwenye grupu, nikaendelea na maisha. Kwa hivyo nilipowaona binamu zangu wametulia namna ile jikoni, wasee ambao kwa kawaida huwezi kuwanyamazisha, tumbo langu lilielewa kabla ya kichwa.

Na mimi nilikuwa na jibu. Si la nani. La nini.

Siku 13 kabla ya hapo nilikuwa Diani. Nilikuwa nimepata kibarua cha kuandikia hoteli moja maneno ya tovuti yao, na siku ya mwisho tukaingia majini watu watano tuliokuwa kwenye kazi hiyo. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma. Kitu kikanipitia mguuni, laini kama pakiti tupu ya maziwa, kisha moto. Nilitoka majini nikiruka. Mvuvi mmoja akaja kuangalia, akasema, "Yavuyavu huyo." Mwenzake akamkatiza, "Konyeza." Kuna wengine wanaomwita kiwavi, kama yule mdudu wa kwenye majani. Mimi nilipenda hilo la konyeza hata nikiwa kwenye maumivu, maana kukonyeza ni kumpigia mtu jicho, na kweli huyu mnyama hakung'ati wala hakushiki. Anakupitia tu. Nikamwagiwa siki, mwenzangu mmoja akaupiga mguu picha ili wanicheke kwenye grupu, siku ya pili mistari ikafifia, ya tatu nikasahau.

Yavuyavu hana ubongo, hana moyo, hana damu, hana mfupa. Mikono yake mirefu imejaa vifuko ambavyo macho hayavioni, na ndani ya kila kifuko kuna uzi uliokunjwa kwa nguvu, wenye sumu. Ukigusa, uzi unafyatuka. Waliopima mfyatuko huo kwa haidra, jamaa yake mdogo anayeishi kwenye maji yasiyo na chumvi, walikuta unachukua chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna aliyeamua. Hata yavuyavu aliyekufa na kutupwa mchangani anaweza kukuchoma. Matumbawe ni ukoo mmoja naye na yana silaha ya aina hiyo hiyo. Mengi hayana nguvu ya kuumiza ngozi ya mtu, lakini yapo yanayochoma kama makaa.

Hiyo ni nusu ya stori. Nusu nyingine ni ya mwili wangu mwenyewe. Kilichoingia ngozini kilikuwa na protini ngeni, na mwili ukikutana na kitu kigeni mara ya kwanza hauna haraka. Seli za ulinzi hubeba kipande cha kile kitu hadi kwenye matezi, na huko seli nyingine, zile zinazoitwa seli T, hufunzwa kukitambua. Mafunzo huchukua siku kadhaa, wiki, hata mbili. Wewe husikii chochote. Unapanda basi, unakunywa chai Narok, unafika nyumbani, unasalimia watu. Siku wale wanafunzi wanapohitimu, wakikuta mabaki bado yamekaa ngozini, wanashambulia palepale, kwa mistari ileile, kana kwamba umechomwa upya. Madaktari wa ngozi wameliandika jambo hili mara nyingi: mtu anachomwa mara moja tu, na yavuyavu au na tumbawe, anapona, halafu wiki kadhaa baadaye alama zinarudi, pengine zaidi ya mara moja, hata akiwa mbali kabisa na bahari. Mimi nilikuwa mbali kilomita 800 hivi.

Nusu ya haya niliyajua kwa sababu nilisoma biokemia miaka miwili kabla ya kuacha chuo. Nusu nyingine niliisoma mchana huo nikiwa nimejifungia esaiga, kwa bando ya shilingi hamsini.

Sasa jaribu kuyaeleza jikoni, Nyamira, moto ukiwaka na obokima inasongwa. Nilisema kuna mnyama wa majini, hana kichwa, hana macho, hana mfupa. Alinigusa Diani wiki mbili zilizopita. Nikapona. Lakini kitu chake kilibaki ndani ya mguu, kikangoja, na usiku wa jana mwili wangu umekigundua.

Binamu yangu mkubwa alinitazama kwa huruma. "Si hiyo ndiyo tunasema," akasema.

Hakuwa mjinga. Nilipojisikiliza mwenyewe, maelezo yangu ndiyo yalikuwa na harufu ya uchawi kuliko yao. Yao yalikuwa safi: mguu umegongwa na fimbo jana, leo umevimba. Karibu kwa saa, karibu kwa hatua. Namna hiyo hiyo ndiyo mtoto hujua kwamba maji ya moto huunguza. Sababu iliyo karibu tunaiamini bila kuombwa. Sababu iliyosafiri siku 13 na kupita kaunti kadhaa inahitaji wakili.

Wakili wangu akawa ile picha ya kunicheka. Nikaitafuta kwenye grupu, ipo, tarehe juu yake. Mistari minne, mmoja umegawanyika karibu na goti kama herufi Y. Nikaweka simu kando ya mguu. Mama akalinganisha kama mtu anayekagua noti ya elfu. Baba mdogo akatoa miwani, akaangalia picha, akaangalia mguu, akaangalia picha tena, akakuza kwa vidole viwili. "Ni ileile," akasema. Nikashusha pumzi. Nilidhani imeisha.

"Sawa," baba mdogo akaendelea. "Ni bahari. Lakini umesema mlikuwa watano kwenye maji. Kwa nini wewe?"

Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande, watu wa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa ghala la nafaka linaloangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Hawakuhitaji Mwingereza kuwafundisha mchwa. Walichouliza ni kwa nini nguzo zikatike saa ileile ambayo fulani na fulani wameketi chini. Mchwa hawajibu hilo. Baba mdogo hajamsoma Evans-Pritchard, ameendesha lori la majani chai maisha yake yote, lakini swali lake lilikuwa hilo hilo na mimi sikuwa na jibu. Naweza kusema mguu wangu ndio uliokuwa njiani. Naweza kusema kinga ya kila mtu ina tabia zake, nyingine tumerithi, na mwenzangu angeweza kuguswa na yavuyavu huyo huyo asirudiwe na alama kamwe. Ukiendelea kuniuliza kwa nini, nitafika mahali niseme bahati. Kusema bahati ni kunyamaza kwa adabu, na mtu mwenye hofu hataki kunyamaziwa.

Kisha akasema lile lililonimaliza. "Na chuo? Hiyo pia ilikuwa samaki?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Niliacha chuo mwanzo wa mwaka wa tatu. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nimeacha kuingia maabara, nimeanguka masomo mawili, nimeanza kuandika usiku na kulala mchana. Karo ya muhula wa mwisho, ambayo baba aliuza ng'ombe kuilipa, haikufika chuoni. Nilinunua kompyuta. Ndiyo hii ninayoandikia.

Nyumbani jambo hilo halikueleweka. Kijana aliyekuwa akishika namba moja tangu darasa la pili hawezi kuamka tu akaacha shule. Sijui nani alianza. Najua tu kwamba nilipokuja likizo ile, miaka miwili kabla ya mguu, nilikuta tayari kuna jina. Magokoro wa ng'ambo ya kijito alikuwa ameninyooshea noti ya shilingi hamsini siku niliyoondoka kwenda chuo mara ya kwanza. Nani mwingine angetoa pesa bure? Walikuwa wakiongea juu yangu, mbele yangu, kwa sauti ile ya mazishini. Shangazi akaniuliza polepole, "Ukifungua kitabu husikia nini?"

Ningesema sisikii chochote, naona tu uvivu. Nikainamisha macho. Nikasema, "Kichwa huniuma."

Maneno mawili. Na nakwambia ukweli, yalikuwa matamu. Baba, ambaye alikuwa hajanisemesha kwa wiki moja, aliniwekea mkono begani. Kutoka mwizi wa karo nikawa mgonjwa. Kuna mtu alibeba aibu yangu akaivusha kijito, na hata sikumuomba ruhusa.

Kuna mbwa ambaye nimemfikiria sana tangu hapo. Mwaka 1901, Mfaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier walisafiri katika meli ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya Physalia, yule jamaa ya yavuyavu mwenye puto la buluu anayeelea baharini. Waliporudi Ufaransa waliendelea na sumu ya mnyama mwingine wa ukoo huo, anayejibandika mwambani kama ua. Walitarajia kwamba mbwa akipewa sumu kidogo atazoea, kama chanjo. Mmoja wa mbwa hao aliitwa Neptune, mwenye afya na nguvu. Dozi ya kwanza hakuonyesha ugonjwa. Wiki tatu hivi baadaye, mwanzoni mwa 1902, wakamrudishia dozi ndogo ileile. Alikufa ndani ya dakika 25.

Richet akalitafutia jambo hilo jina, anafilaksia, akimaanisha kinyume cha kinga, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Niseme wazi kwamba kilichomuua Neptune na kilichonipata mimi si kitu kimoja. Kinga ina njia kadhaa za kukosea. Ile ya Neptune ndiyo inayofunga koo na kushusha presha, ya kumkimbiza mtu hospitali akadungwe adrenalini bila kungoja. Yangu iliwasha tu, nikapakwa krimu kwenye zahanati, ikaisha. Lakini zote mbili zinaanza kwa njia moja. Kuna siku ya kwanza ambayo hakuna kinachoonekana. Mbwa anatingisha mkia. Ukimuuliza mtu yeyote aliyekuwepo siku ile shangazi aliponiuliza juu ya vitabu, atakwambia hakuna kilichotokea. Tulikunywa chai.

Tukizungumza juu ya Marani au juu ya 2008, tunazungumza juu ya siku ya mwisho: umati, petroli, kiberiti. Wanasiasa hulaani, polisi hutafuta vijana waliobeba kiberiti, na ni sawa watafutwe. Hakuna anayeuliza nani aliinamisha macho miaka miwili kabla. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, inamhesabu mkosaji hata yule anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi. Ni sheria ya mkoloni na ina mambo yake, lakini angalau hapo ilifikiria. Shida ni kwamba mimi sikumshutumu mtu. Hakuna mahakama inayoweza kunisomea shtaka la kuumwa kichwa.

Nilitaka kuishia hapo, na kwa muda niliupenda mfano huu: kijiji ni mwili, uvumi ni dozi, umati ni mzio. Halafu ukaanza kunikera, kwa sababu ni mfano unaotusamehe. Seli T haina hiari. Imefunzwa, inashambulia, haiwezi kukaa kando ya moto ikajiuliza. Tena ilikuwa na sababu: sumu ilikuwepo kweli mguuni mwangu. Kule ng'ambo ya kijito hakukuwa na sumu yoyote. Kulikuwa na mwanamke mzee na avokado. Anayewaita watu waliomchoma jirani yao mwili uliokosea anawapa heshima wasiyostahili, na anampa heshima zaidi mtu kama mimi.

Hata Richet mwenyewe hakufundishwa chochote na mbwa wake. Mtu huyo aliyegundua kwamba ulinzi unaweza kumuua anayelindwa aliongoza jumuiya ya Ufaransa ya wale waliotaka jamii isafishwe kwa kuchagua nani azae na nani asizae, na alituona sisi Waafrika kuwa watu wa chini. Alihudhuria pia vikao vya kuita pepo. Neno ektoplazimu lilitoka kwake. Nalitaja hilo kwa ajili ya rafiki zangu wa Nairobi ambao nikiwasimulia habari za mguu hutingisha kichwa na kusema, "Watu wa Kisii, jameni," kana kwamba Nobel ingetutibu.

Kwetu kuna neno jingine ambalo wale wa Nairobi hawalijui. Usiku ule, baada ya swali la samaki, aliyezungumza alikuwa magokoro wangu wa damu, ambaye alikuwa amelala macho wazi pembeni. Alisema, "Na kama ni ebibiriria?" Ebibiriria, kama alivyonieleza baadaye, ni jicho. Kuna watu ambao wakimtazama mtoto mchanga, hasa mwenye ngozi nyepesi, vitu vidogovidogo hushika ngozini na kuzama ndani, mtoto akawa anajikuna na kulia. Hupakwa samli na kusuguliwa hadi vitoke. Na mwenye jicho? Nikamuuliza anafanywa nini. Akashangaa swali. Afanywe nini, na yeye alizaliwa hivyo? Hakutaka. Unamwambia tu asimkazie mtoto macho, na mnaendelea kuazimana jembe.

Sisemi turudi huko. Ebibiriria bado ni kumtafuta nani pale ambapo pengine kuna nini peke yake, na mtoto mwenye upele anahitaji zahanati. Lakini nilistaajabu kwamba ndani ya lugha ile ile iliyo na neno omorogi, mchawi, mtu wa kuogopwa, kuna chumba kingine kwa ajili ya anayedhuru bila kukusudia, na chumba hicho hakina kiberiti. Mvuvi wa Diani aliyemwita mnyama yule konyeza angeuelewa. Bibi yangu alikuwa akiwapa wale vijana mlango wa kutokea bila aibu. Hawakuupita, lakini waliuona.

Basi nikasema. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimechelewa miaka miwili. Nilisema chuo niliacha mwenyewe, kichwa hakikuwahi kuniuma, na karo ya muhula wa mwisho nilinunulia kompyuta. Binamu mkubwa akacheka akidhani ni mzaha. Baba, aliyekuwa ameketi karibu na mlango muda wote bila neno, akasimama, akatoka kwenda kufunga lango ambalo lilikuwa limefungwa. Hakunisemesha hadi mwaka mpya. Wale vijana wakaondoka mmoja mmoja, kwa sababu ghafla jambo lilikuwa la familia, la kijana mwizi, na hilo halina msisimko.

Sijui dozi yangu ilikuwa imefika nyumba ngapi. Huwezi kuufuata uvumi mlango kwa mlango ukiukusanya. Hata mwili hauna njia ya kusahau kwa amri. Kuna tiba moja ya mzio ambayo historia yake naipenda: mwaka 1911, London, daktari Leonard Noon alianza kuwadunga watu waliosumbuliwa na chavua ya nyasi chavua hiyo hiyo, kidogo mno, kisha kidogo zaidi, hadi miili ikapunguza vita. Tiba ya namna hiyo bado ipo, na huchukua miaka. Hakuna anayeombwa aamini chochote. Anapewa tu kile anachokiogopa, mara kwa mara, na hakuna kinachotokea.

Kwa hivyo nikiwa nyumbani navuka kijito mchana, watu wakiona, na nakula kwake. Mara ya kwanza mama alisimama kwenye ua akaniangalia hadi nikarudi. Mara ya tatu alinituma na sukari. Baba mdogo hatumi kitu, lakini ameacha kuniuliza tumbo linasemaje.

Pasaka nilimkuta akiambua maharagwe. Mistari mguuni ilikuwa imegeuka kuwa ya kahawia, kama mwiko wa zamani, hauwashi tena. Akauangalia, akauliza kama ni ule wa bahari. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimaliza shule.

"Hapana, magokoro. Niliacha mwenyewe."

Aliambua ganda moja, la pili, la tatu.

"Mimi niliambiwa ni mimi," akasema, akanisogezea ungo nimsaidie.